Tundu tano, tundu sita: hesabu ya kubadilisha rimu kwenye pikapu ya zamani

Hilux za zamani zisizo na fowili bado zinapiga kazi Machame kuliko magari mengi yaliyotengenezwa juzi. Asubuhi zinashusha ndizi na maziwa, mchana zinapandisha saruji, mabati na pumba za ng'ombe, jioni zinapandisha watu. Na karibu kila mwenye nayo kuna siku anakutana na jambo hilihili: rimu imepinda au imeliwa na kutu, anashuka Moshi mjini kutafuta nyingine, anakuta rimu za tundu sita zimepangwa hadi dari, ila za tundu tano za pikapu hakuna, au zipo na zimechoka kuliko yake. Halafu anaambiwa: "Hiyo ndogo tu, tunakuwekea adapta iwe sita, maisha yanaendelea."

Ni ndogo kweli? Tuanze na tundu zenyewe.

Chora duara linalopita katikati ya bolti zote za gurudumu. Kipenyo cha duara hilo ndicho mafundi wanachokiita PCD. Hilux nyingi za zamani zisizo na fowili zina tundu tano kwenye duara la milimita 114.3, na huandikwa 5x114.3. Hilux ya fowili ni 6x139.7. Namba hizi zinaonekana za ajabu kwa gari la Kijapani, nchi ya milimita, mpaka uzigeuze: 114.3 ni inchi 4 na nusu, 139.7 ni inchi 5 na nusu. Land Rover Defender ni 5x165.1, yaani inchi 6 na nusu. Hata Jeep ya Willys ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa na duara la inchi 5 na nusu, tundu tano, na Suzuki Jimny inalo mpaka leo. Vipimo vya inchi vimekuwa vikirithiwa hivyo, gari kwa gari.

Kupima tundu sita ni rahisi: pima kutoka katikati ya stadi moja hadi ile inayotazamana nayo, basi. Tundu tano hazitazamani, na hapo ndipo watu wanakisia. Usikisie. Pima kati ya stadi mbili jirani, kisha zidisha kwa 1.701. Ukipata milimita 67.2, una 114.3. Ukipata 88.2, una 150. Ukipata 97, hiyo ni Defender. Kwa kuwa katikati ya stadi haionekani, pima kutoka ukingo wa kushoto wa stadi ya kwanza hadi ukingo wa kushoto wa ya pili, jibu ni lilelile. Na kwa kuwa kosa la milimita moja kwenye rula linakuwa karibu milimita mbili kwenye PCD, pima nafasi zote tano, jumlisha, gawa kwa 5. Umakini huu una sababu. Rimu ya Kijerumani ya 5x112 na habu ya 5x114.3 zinapishana milimita 1.4 tu kati ya stadi na stadi. Rimu itaingia kwa kulazimishwa, nati zitakaa upande, na barabara ndiyo itakayokueleza.

Kwa nini za tundu sita zimejaa? Kwa sababu 6x139.7 imetumiwa na karibu kila mtu: Hilux ya fowili, Prado, Land Cruiser za zamani, Nissan Patrol, Isuzu, L200. Lakini tundu kulingana si gari kulingana. Rimu ya L200 ina shimo la katikati la milimita 67 hivi, wakati habu ya Hilux ya fowili inataka karibu 106, kwa hiyo haivuki. Nissan Navara ya D40 nayo ina tundu sita, ila kwenye duara la 114.3. Na upande wa tano, rimu ya RAV4 ni 5x114.3 kama pikapu yako, lakini shimo lake la katikati ni milimita 60.1, na ilitengenezwa kubeba familia, haikutengenezwa kubeba mikungu mia ya ndizi.

Baba mkubwa wangu ana Hilux ya aina hii, na aliposikia nasomea mitambo akaniuliza swali ambalo ndilo kiini cha yote: "Mwanangu, sita si inashika kuliko tano?"

Jibu linategemea nini kinashika. Wengi wetu tunadhani rimu imening'inia kwenye stadi kama koti kwenye misumari. Sivyo, au tuseme haitakiwi iwe hivyo. Angalia ndizi zinavyofungwa kwenye pikapu. Kamba haizuii mkungu kwa kukaa mbele yake. Inaukandamiza chini, na mkungu unabaki mahali kwa sababu umebanwa. Kamba ikilegea, bado ipo, haijakatika, lakini mikungu inaanza kucheza, na ikishaanza kucheza inaisugua kamba yenyewe mpaka ikatike. Stadi ni kamba ile. Unapokaza nati unaivuta stadi, inarefuka kidogo sana kama springi, na kwa kutaka kurudi inaibana rimu kwenye uso wa habu. Msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaobeba gari.

Tuweke namba. Stadi ya Toyota ya M12 ikikazwa kwa Nm 110 hivi, inabana kwa takriban kilonewtoni 46, sawa na uzito wa tani nne na nusu. Moja tu! Tano zinafika 229. Tukichukua msuguano mdogo, 0.15, rimu inaweza kupinga kuteleza kwa kilonewtoni 34. Tairi la nyuma la pikapu iliyojaa linabeba kilo 900 hivi, yaani karibu kilonewtoni 9. Kwa uzito wa mzigo, basi, tundu tano zilizokazwa vizuri zina akiba ya karibu mara nne.

Kwenye breki na kuvuta mlima hadithi inabadilika kidogo, maana hapo kinachopingwa ni msokoto, na msokoto unategemea pia ukubwa wa duara. Sita kwa tano ni mara 1.2, na 139.7 kwa 114.3 ni mara 1.22, ukizidisha unapata karibu 1.47. Kwa stadi zilezile za M12, 6x139.7 inapinga msokoto kwa asilimia 47 zaidi. Baba mkubwa hakukosea.

Ila si idadi peke yake. Mwaka 1999 Toyota walipoleta Land Cruiser pikapu ya 79, walitoka tundu sita za ile ya 75 wakaenda tundu tano, 5x150. Watu walinung'unika kwamba gari limedhoofishwa. Lakini stadi zilikuwa za M14. Eneo la chuma linalovutwa kwenye M12 ni milimita za mraba 88, kwenye M14 ni 125 hivi. Sita mara 88 ni 528, tano mara 125 ni 625. Stadi zimepungua, chuma kimeongezeka.

Sasa turudi kwa adapta, ile "ndogo tu". Ni sahani nene ya aluminiamu, au ya chuma, inayofungwa kwenye habu kwa nati tano, na yenyewe imechomekwa stadi sita za kupokea rimu mpya. Iangalie vizuri na swali la asilimia 47 linajijibu. Kiungo cha nje ni sita kwenye 139.7, safi. Kiungo cha ndani bado ni tano kwenye 114.3, stadi zilezile za M12, na kila kilo ya mzigo na kila mkanyago wa breki lazima upite hapo kwanza. Adapta haikupi tundu sita. Inakupa tundu tano zilezile, zimefichwa nyuma ya sita. Na kuzificha ndilo tatizo kubwa kuliko yote, kwa sababu nati zilizolegea mbele ya rimu unaziona kwa macho asubuhi ukizunguka gari, lakini zilizolegea nyuma ya rimu huzioni mpaka uitoe.

Kisha kuna unene. Adapta ya tano kwenda sita haiwezi kuwa nyembamba, maana lazima nati za ndani zipate pa kujificha. Tuseme ni milimita 32. Tairi limesogea nje kwa kiasi hicho kila upande, na uzito ule wa kilo 900 sasa unaning'inia milimita 32 mbali zaidi na beringi. Hiyo ni Nm 280 za ziada, sawa na mtoto wa kilo 28 aliyekaa kwenye ncha ya bomba la mita moja lililochomekwa kwenye habu yako, hashuki usiku wala mchana. Beringi za mbele zinachakaa mapema, usukani unavuta kila tairi likiingia shimoni, na gari likijaa tairi linaweza kugusa fenda.

Mpaka hapa ningeweza kuwa naandika kuhusu pikapu ya Dodoma. Machame ina jambo lake la pekee: mteremko. Geti la Machame liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini ni mita 850 hadi 900. Pikapu yenye mzigo, jumla tani 2.4, ikishuka mita 900 inapoteza megajuli 21 za nishati. Ni joto la kutosha kuchemsha lita 60 za maji kutoka baridi. Ukishuka kwa gia ndogo, injini na upepo vinachukua sehemu nzuri. Ukishuka na gia kubwa au, Mungu apishe mbali, na nyutro ili "kuokoa mafuta", karibu zote zinaishia kwenye breki, na breki zimekumbatiana na habu.

Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tuseme adapta imepanda nyuzi 70 kutoka asubuhi. Kwa unene wa milimita 30, imetanuka milimita 0.023 zaidi ya stadi ya chuma iliyoibana. Unaweza kucheka namba hiyo mpaka uilinganishe na nyingine: stadi iliyokazwa sawasawa imerefuka jumla ya takriban milimita 0.09 tu. Yaani urefu wote unaoshikilia gurudumu lako ni kama unene wa unywele. Joto limeuongezea robo, aluminiamu laini chini ya nati inakandamizwa kupita ilivyozoea, na ikipoa jioni hairudi ilipokuwa. Kesho tena. Keshokutwa tena. Hakuna aliyegusa nati, lakini kubana kunapungua.

Namba hiyohiyo ya 0.09 inaeleza kosa jingine la kila siku. Rangi ya kupuliza ina unene wa milimita 0.05 hadi 0.1. Mtu anapaka rimu rangi nzuri ya fedha, anapaka na uso unaokaa kwenye habu, anakaza. Baada ya wiki rangi imesagika, na mvutano wote wa stadi umeondoka nayo. Kutu na udongo mwekundu ni hivyohivyo. Uso wa kukutana unatakiwa uwe chuma kitupu, kimepigwa brashi ya waya, na nati zirudiwe kukazwa baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa adapta, hii maana yake ni kutoa rimu zote nne ili uzifikie nati za ndani. Niambie ni nani anafanya hivyo.

Nati zikishalegea stadi inaanza kupinda kila tairi linapozunguka. Tairi la pikapu linazunguka mara 440 hivi kwa kilomita. Safari moja ya kilomita 30 kushuka mjini ni mara 13,000. Chuma kinachopindwa hivyo kinachoka, ufa unaanza kwenye mzizi wa nyuzi, unakua kimyakimya, kisha stadi ya kwanza inakatika. Zilizobaki zinabeba zaidi, hivyo ya pili haichelewi. Ndiyo maana gurudumu huonekana limechomoka "ghafla".

Njia ya pili utakayopewa ni kutoboa upya: "tunapiga tundu mpya kwenye habu ileile." Hapa hesabu ni fupi na haina huruma. Tundu tano zinapishana nyuzi 72, tundu sita nyuzi 60. Zungusha unavyotaka, kutakuwa na tundu mpya isiyozidi nyuzi 6 kutoka kwenye tundu ya zamani. Hakuna mpangilio unaokwepa hilo. Kwa 114.3 kwenda 139.7, umbali kati ya vituo vya tundu hizo mbili hauzidi milimita 14 na kidogo, na stadi yenyewe inahitaji tundu ya karibu ukubwa huohuo. Nyama inayobaki kati yao ni kama karatasi. Zaidi ya hapo, duara jipya limetoka nje kwa milimita 12.7, na flenji nyingi za habu za 114.3 zinaishia maeneo hayohayo. Mwenye Land Cruiser ya 75 anayetaka kutoboa rimu za bei poa za 79 yuko pabaya zaidi: vituo viko milimita 9 tu kutoka kimoja hadi kingine, tundu zinaingiliana kabisa. Wengine huziba tundu za zamani kwa weldingi kwanza. Joto la weldingi linabadilisha tabia ya chuma palepale ambapo mzigo ni mkubwa kuliko pote. Sijaona hoja ya kunishawishi, na fundi akikuambia ameshafanya kumi na zote zinatembea, muulize zimetembea mwaka wa ngapi na mzigo gani.

Njia ya kweli ni kubadilisha habu zenyewe. Nyuma inawezekana: unachukua ekseli nzima ya Hilux ya fowili, yenye tundu zake sita na ngoma zake za breki. Kabla hujalipa, pima upana wake, umbali kati ya makalio ya springi, flenji ya propela, kebo za hendibreki, na uwiano wa difu, maana difu tofauti itabadilisha mwendo wa gari na usomaji wa spidomita. Mbele ndiko kwenye kazi. Habu ya fowili imetengenezwa kwa ekseli inayozunguka ndani yake, beringi zake haziingii kwenye spindo ya gari lisilo na fowili. Inabidi habu ichongwe maalumu, kwa chuma kinachojulikana, kwenye leti, na mtu anayejua anachofanya. Wilaya ya Hai ina kiwanda cha mashine cha KMTC, kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria ili kutengeneza mashine za kuchongea chuma, kwa hiyo haya si mambo ya ng'ambo tu. Ila gharama yake, ukichanganya na ekseli, mara nyingi inakaribia bei ya kuuza hiyo pikapu na kuongezea kidogo upate ya fowili.

Na usiishie nusu. Gari lenye sita nyuma na tano mbele linahitaji spea tairi mbili. Watu wanabeba moja.

Nilimwambia baba mkubwa abaki na tano. Kilichokuwa kinamsumbua ni mzigo, na mzigo unabebwa na tairi na rimu kabla haujafika kwenye tundu. Tairi la mizigo la 195R14C la plai nane lina alama 106 ubavuni, maana yake kilo 950 kila moja. Rimu za chuma za 5x114.3 zenye shimo sahihi la katikati zinapatikana ukiwa na subira na rula. Stadi mpya za M12 hazifiki bei ya adapta hata moja.

Kama lazima iwe adapta, kwa gari tupu la kwenda kanisani na kurudi, basi iwe ya aluminiamu iliyofuliwa, si ya kumimina, na iwe na duara linaloshika habu kwa ndani na jingine linaloshika rimu kwa nje, ili stadi zisifanye kazi ya kuweka katikati. Hakikisha nati zinalingana na viti vyake: rimu nyingi za chuma za Toyota zinataka nati ya koni, baadhi ya rimu za aloi zinataka ya bapa yenye washa, na ukizichanganya unabana kwa ukingo tu. Toyota ni nyuzi za 1.5, Nissan za 1.25, nati ya moja itaanza kuingia kwenye nyingine kisha ikwame, na hapo watu huiongezea nguvu.

Nguvu yenyewe pia ina kipimo. Nm 110 kwenye wili spana yenye mkono wa sentimita 35 ni kama kuning'iniza kilo 32 mwishoni. Kijana wa kilo 70 akisimama juu ya spana, kama tulivyozoea kuona, anaweka Nm 240. Stadi inavutwa kupita uwezo wake wa kurudi, na springi iliyokufa haibani chochote, hata kama nati inaonekana imekaza. Nyuzi ziwe kavu na safi. Ukipaka grisi, mkazo uleule wa spana unaivuta stadi zaidi ya ulivyokusudia. Kaza kwa kuruka, nyota kwa tano, ya kutazamana kwa sita, kwa awamu mbili au tatu, tairi likiwa limegusa chini kidogo tu. Spana ya kupimia toki inauzwa, na kijiwe kizima kinaweza kuchangia moja.